Kibla ya Chumba Namba Tisa

Kwenye dari kuna kishale cha kijani,
stika ya mpangaji aliyenitangulia,
kona moja imebanduka, mijusi hupita juu yake.
Miaka miwili nimesujudu nikikifuata:
kabati, ndoo ya maji, kisha Makka.

Wisnu wa chumba namba kumi alikuja na dira.
Wisnu wa darasa letu la upimaji ardhi,
aliyeniazima buti tulipopanda Merapi kupima nyufa,
aliyewahi kucheka mpaka chai ikamtoka puani.
Akapanda kitandani kwangu na viatu vyake.
"Umekosea digrii kumi na moja," akasema.
"Swala zako zote ni bure."

Zote?
Hata ile ya alfajiri ya majivu, mlima ulipotapika,
bomba likatoa tope, nikatayamamu kwa ukuta?
Hata ile ya homa, niliyoswali nimeketi,
nikapotewa na rakaa, nikaanza upya, nikalia?

"Zote."
Hakusema kwa ukali. Hilo ndilo lililonitisha.
Alisema kama mtu anayesoma kipimajoto.

Gitaa alikuwa amekwisha kuliuza.
Jina nalo, alidai, linanuka masanamu,
tumwite Abu Khalid.
Mama yake alipopiga simu kutoka Klaten,
"Wisnu, mwanangu, umekula?"
alikaa kimya mpaka mama akakata.

Kwetu Bantul, bibi yangu Sumirah
huswali akielekea dirisha la jikoni,
kwa kuwa huko ndiko mumewe alikomwonyesha
wiki waliyooana, kwa kidole tu.
Hupika fenesi usiku kucha, akimsalia Mtume kwa Kijava,
na bakuli la kwanza huvuka barabara
kwa familia ya Kikristo yenye mtoto kiziwi.
"Na yeye je?" nilimuuliza Wisnu.
Fenesi ile ameila miaka mitatu.
Aliinama, akafunga kamba za viatu.

Sitaki kujifanya shujaa.
Nilikwenda naye mara mbili, juu ya duka la cherehani.
Walinipa tende. Walijua jina langu.
Mwalimu wao aliichora dunia kwa kalamu mbili,
nyekundu na buluu,
na kwa saa nzima sikuwa na swali hata moja.
Jamani, ilikuwa raha. Kama kutua mzigo wa kuni.
Kisha nikashuka ngazi, nje mvua,
mama muuza ndizi za kukaanga akanivuta chini ya turubai lake,
na sikujua nimtie rangi gani.

Mimi nasomea kuipima dunia.
Najua kwamba toka hapa hadi kule
digrii moja ni zaidi ya kilomita mia.
Goti likiteleza kidogo, sijida yako imeangukia baharini,
imeangukia zizi la ngamia, jikoni mwa mtu.
Hakuna paji la uso linalogonga Kaaba kama nyundo na msumari.
Sote twarusha karibu-karibu,
na yuko anayeokota.
Imani yangu ndiyo hiyo, sina ziada:
yuko anayeokota.

Shaabani ilipoandama, chumba namba kumi kilikuwa kitupu.
Polisi waliniuliza aliamini nini.
Nikasema alipenda chai ya tangawizi. Hawakuandika.
Mama yake alikuja kukunja nguo,
akauliza jambo moja: "Alikuwa akiswali?"
"Kuliko sisi sote, mama."
Akaificha sura yake ndani ya shati.

Jana usiku nilipanda kitandani, pekupeku,
na chombo cha maabara.
Nikapima mara tatu.
Kumi na moja kasorobo.

Alikuwa sahihi, Wisnu.
Nimekibandua kishale, nimekigeuza.
Gundi imeacha alama pale kilipokuwa,
na sasa nikisimama kuswali nakabili
ukuta, kitanda kitupu cha jirani,
kisha Makka.